Maji Waliyokunywa Nguruwe

Sangwian alikuwa ameshaepua wali wa kunata na anaushindilia ndani ya kikapu chake cha mianzi, ili watawa wakipita waukute wa moto, aliposikia mwanawe akimwita kutoka juu. Hakuita kama mgonjwa. Aliita polepole, kama mtu aliyevunja chombo cha watu na hajui aanzie wapi kusema.

"Mama. Hebu panda kidogo."

"Watawa hao wanakuja. Shuka wewe."

"Ningeshuka, mama. Miguu haitaki."

Alidhani ni utani. Jana yake walimaliza kung'oa muhogo, na Bunloet alishinda juani akipakia magunia, jasho likimtiririka mpaka suruali ikabadilika rangi. Jioni ikafanywa karamu kwa jirani, Wandi. Kijana akala kama mtu aliyetoka kifungoni: tonge la wali juu ya tonge, nyama ya nguruwe yenye mafuta, soda za rangi rangi, kisha akaja akajitupa kwenye mkeka bila hata kuoga. Mtu wa namna hiyo asubuhi huamka anachechemea. Si ajabu.

Lakini alipopanda ngazi na kumwona, utani ulimtoka. Bunloet alilala chali, macho maangavu, uso mzima, na kutoka kiunoni kwenda chini alikuwa kama magogo mawili yaliyotandikwa pale na mtu mwingine. Sangwian akamfinya paja.

"Aa! Mama, unaniumiza!"

"Unasikia?"

"Nasikia mno!"

"Basi vuta."

Akakaza uso mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Mguu haukutikisika. Hata unyayo. Wote wawili wakautazama kama wanaoutazama mguu wa mgeni.

Baba yake Bunloet alilala mzima hivyo hivyo, wakati mtoto alipokuwa bado anatambaa, na kulipokucha alikuwa wa baridi. Hakuwa na jeraha wala homa. Watu wakasema amechukuliwa na mzuka wa mjane, yule mwanamke asiyeonekana anayepita vijijini akitafuta mume, anayewakalia wanaume vifuani wakiwa usingizini. Na mwaka huu kijana wa kijiji cha pili alikufa vilevile. Tangu hapo kila lango lilikuwa na shati jekundu linaning'inia, kumwambia huyo mzuka kwamba humu hakuna mwanamume, pita. Wanaume wazima wenye misuli walikuwa wanalala na kucha zilizopakwa rangi kama mabibi harusi, wamdanganye.

Lango la Sangwian peke yake lilikuwa tupu. Yeye alipeleka chakula hekaluni kila alfajiri, alisali asubuhi na jioni, akaona hayo yanamtosha. Tena yeye mwenyewe alikuwa mjane, katika kijiji kilichokuwa kinamwogopa mjane. Wanaume wakikutana naye njiani walimsalimu kwa sauti kubwa kupita kiasi, kisha wakacheka. Aliwaacha wacheke.

Wandi ndiye aliyefika kwanza, kwa kuwa ukuta wa jiko lake na wa Sangwian ni kama mmoja. Alimtazama Bunloet, akamtazama mama mtu, akajipiga paja.

"Dada Sangwian, nilikwambia! Shati moja tu! Kwani shati ni nini? Ungekosa, ningekupa hata la mume wangu, lile lililochanika kwapa!"

"Wandi, mtoto anasikia."

"Na asikie! Amekaliwa huyu. Bunloet, mwanangu, umemwota mwanamke?"

"Nimeota nakula, shangazi."

"Hata ndotoni!" Wandi akageuka dirishani. "Khampaeng! Ee Khampaeng! Njoo na uzi!"

Khampaeng, mume wa Wandi, alikuwa mtawa ujanani, na tangu avue joho la manjano ndiye anayeziita roho za watu zinapotoka mwilini kwa hofu au ugonjwa. Jambo hilo Sangwian hakulipinga. Mama yake alifanyiwa, na bibi yake. Watu wachache wakakaa duara, wakashika uzi mweupe, Khampaeng akaanza kuziita: njooni, roho za kichwa, njooni, roho za magoti, msikae porini, msikae mtoni, nyumbani kuna wali na yai. Akamfunga kijana uzi mkononi. Kisha, kama desturi ilivyo, wakamlisha ili roho zikirudi zikute mwili umeshiba: yai la kuchemsha, tonge la wali wa kunata, na tena wali wa kunata uliopikwa kwa tui na sukari, kwa kuwa roho hupenda vitamu. Bunloet alimeza vyote bila kubembelezwa. Wandi naye huku chini alikuwa anampaka rangi nyekundu kucha za miguu.

"Shangazi, nikifa, nizikwe hivi?"

"Hufi ukiwa mzuri namna hii. Tulia, nitakosea."

Watu wakacheka, na kicheko kikampunguzia Sangwian uzito kidogo. Lakini hakuyatoa macho yake kwa mwanawe. Alikuwa mwanamke wa kutazama. Darasani hakukaa sana, ila alijua nguruwe yupi ataumwa kesho kwa jinsi alivyosimama leo. Akaona Bunloet ananyoosha mkono kuchukua tonge jingine, na mkono ukapanda nusu ya njia, ukashuka kama uliokatwa kamba. Akajaribu tena. Safari hii haukupanda kabisa.

"Umechoka?" akamwuliza.

"Sijui. Nashindwa kuinua shingo."

Wandi akabaki na kiburashi hewani.

Hapo ndipo Sangwian alipokumbuka mambo aliyoyaona bila kuyaunganisha. Mwaka Mpya, baada ya karamu, Bunloet aliamka na mapaja mazito, akasema amelalia vibaya. Harusi ya binamu yake, vivyo hivyo. Alishika ukuta mpaka adhuhuri. Kila mara kazi ngumu, kisha shibe, kisha usingizi. Na leo, kabla ya matonge haya matamu, mikono ilikuwa mizima.

"Msimpe tena," akasema. "Khampaeng, washa gari. Tunakwenda hospitali."

Pikapu ya Khampaeng ndiyo gari pekee lililokuwa karibu. Mzee akakunja uzi wake taratibu, hakumtazama.

"Dada, siwezi. Roho zake bado ziko nje. Nikimvusha mpaka wa kijiji sasa hivi, zitarudi zikute nyumba tupu. Utapeleka ganda. Subiri angalau kesho."

"Baba yake alisubiri kesho."

Hakupandisha sauti. Khampaeng akaendelea kukunja uzi.

"We mwanamume!" Wandi akamlipukia mumewe. "Gari unaendea mnadani kutazama majogoo ya watu, leo mtoto wa jirani ndiyo umekumbuka mpaka! Simama! Au nikupake na wewe hizo kucha upya?"

Wakamteremsha Bunloet kwa blanketi, wakamlaza nyuma ya pikapu kwenye maturubai ya muhogo. Wandi akapanda na mwavuli, akamfunika uso. Sangwian akakishika kichwa cha mwanawe mapajani. Kilikuwa kizito kama nazi mbichi.

Kwenye mpaka wa kijiji, penye kibanda kidogo cha kuwekea maua na ubani, Khampaeng alisimamisha gari. Akashuka, akavua kofia, akaita kuelekea mashambani kwa sauti iliyotetemeka: "Enyi roho za Bunloet, mlio matuta ya mihogo, mlio kisimani, msiende nyumbani! Hayuko! Yuko hapa kwenye gari! Pandeni, tunakwenda wote!" Akafungua mlango wa nyuma wa pikapu, akangoja kidogo kama anayepakia abiria, akaufunga. Ndipo akaendesha, na akaendesha kwa kasi ambayo mkewe hajapata kuiona kwake.

Katika hospitali ya wilaya, muuguzi aliyewapokea aliitwa Ladda, mtoto wa huku huku, aliyezungumza kwa lafudhi yao. Alimwangalia Bunloet, akaziona kucha nyekundu, wala hakucheka.

"Mama, jana alifanya kazi gani?"

"Alipakia muhogo."

"Jioni akala nini?"

"Wali wa kunata. Mwingi. Na soda."

"Na leo?"

Sangwian akainamisha macho. "Wali wa kunata. Na sukari. Ndipo mikono nayo ikaenda."

Ladda akamgeukia daktari kijana, wakatazamana kama watu wanaokutana na mtu wanayemfahamu. Mambo yakaenda haraka. Damu ikatolewa, waya zikabandikwa kifuani, mashine ikaanza kuchora milima midogo midogo kwenye karatasi, na daktari akaishika ile karatasi usoni muda mrefu kuliko Sangwian alivyopenda.

"Ni potasiamu," akasema. "Ya kwenye damu imeshuka sana. Ikishuka zaidi ya hapa, ni moyo."

"Potasiamu ni nini, mwanangu?"

Daktari akaanza, akatumia maneno marefu, akasita. Ladda akamsaidia.

"Ni madini, mama. Kama chumvi, lakini si chumvi ya jikoni. Yamo kwenye ndizi, kwenye majani ya mboga, boga, choroko, maji ya dafu. Misuli husikia kwa hayo. Kichwa kikisema vuta, bila madini hayo msuli hausikii. Na moyo nao ni msuli."

"Na wali?"

"Wali si mbaya. Ila mwili wa huyu una kasoro yake. Akishiba wanga na vitamu vingi kwa mpigo, hasa baada ya kazi ya jasho, hata yale madini machache yaliyomo kwenye damu yanakimbilia ndani ya nyama, yanajifungia huko. Damu inabaki tupu."

Sangwian akafikiria lile tonge tamu, jinsi alivyolishikilia kwa upendo mbele ya mdomo wa mwanawe. Akaunganisha viganja akimwomba Buddha.

Ladda akaleta kikombe cha maji yenye dawa. Bunloet akaonja, akakunja sura yote iliyokuwa bado inakunjika.

"Haya ni maji ya betri!"

"Kunywa, bwana harusi," Ladda akasema. "Kucha umeshapaka, sasa unaogopa kikombe?"

Wakamnywesha kidogo kidogo. Mashine ikaendelea kuchora. Wandi na mumewe wakakaa nje kwenye benchi wakigombana kwa kunong'ona. Kitanda cha pili alilazwa mzee mmoja mwembamba aliyevimba miguu, na binti yake alikuwa anamnyang'anya ndizi mkononi.

"Baba, wamekukataza!"

"Moja tu."

"Hata nusu. Figo zako hazitoi hiyo potasiamu nje. Ikijaa itakusimamisha moyo."

Sangwian alisikia neno lile lile, akageuka. Mzee akamwona anavyoitazama ile ndizi.

"Mwanao wanamlazimisha, mimi wananinyang'anya," akasema. "Hospitali gani hii?"

"Ni ile ile, mwanangu?" Sangwian akamwuliza binti. "Ya kwenye ndizi?"

"Ni ile ile, mama."

Akabaki ameduwaa. Kitu kimoja, hakina rangi wala harufu, kikipungua moyo unasimama, kikizidi moyo unasimama. Na miaka yote hii mtu anakula, anafanya kazi, anacheka, anagombana na jirani, na ndani yake kuna mkono unaopima, hauzidishi, haupunguzi, wala haumwambii mwenyewe. Alikuwa amesikia mahubiri mengi juu ya mwili kwamba ni kitu cha kupita, si cha kushikamana nacho. Hakuna mtawa aliyemwambia kwamba umetengenezwa kwa uangalifu namna hii. Akaona haya, kama mtu aliyeishi katika jumba la kifalme akidhani ni banda.

Jua lilikuwa limevuka dirisha la pili alipokiona kidole.

Kilikuwa kidole gumba cha mguu wa kushoto, na pengine asingekiona kama si ile rangi. Kile chekundu kilitikisika. Akadhani ni upepo wa feni. Akalishika shuka, akalikunja mpaka kwenye goti, akainama karibu kabisa, kama anayetunga sindano.

"Bunloet. Fanya tena."

"Nifanye nini?"

"Ulichofanya sasa hivi."

"Sijafanya kitu, mama."

Na kidole kikainama, kikainuka. Kisha na kile cha pili. Kisha vyote vikajikunja pamoja kama vya mtoto mchanga anayenyonya. Sangwian aliweka kiganja chake juu yavyo, akausikia ule uhai mdogo ukisukuma chini ya kiganja, na nywele zikamsimama mikononi. Hakupiga kelele. Alisema tu "Loo," taratibu, na akasema tena, "Loo." Mzee wa kitanda cha pili alijiinua kwa kiwiko ili aone. Binti yake naye akaja. Akasimama pale miguuni pa mtu asiyemjua, anatazama vidole.

Kabla jua halijazama Bunloet alikaa. Baadaye akasimama ameshika kitanda, magoti yakimcheza, akasema anataka kwenda chooni, na asisindikizwe na wanawake. Khampaeng akaitwa. Sangwian alisikia hatua zao koridoni, na akamsikia Khampaeng akisema, "Zilipanda garini. Nilijua zilipanda. Gari lilikuwa zito."

Siku ya kuruhusiwa, baada ya tezi ya shingo, ambayo nayo huweza kuleta ugonjwa huu, kupimwa na kukutwa salama, Ladda alimweleza mama mtu tena. Dawa ile isinunuliwe kiholela mtaani, ni hatari. Wali apunguze kwa mlo mmoja, asifunge siku ya jasho kwa karamu na soda. Mboga za majani kila siku, maharagwe, ndizi, dafu, na kama miguu ikianza uzito, waje siku hiyo hiyo.

"Mboga anakula," Sangwian akasema. "Nachemsha kila siku. Majani ya mlonge, matembele, boga."

"Na maji ya kuchemshia?"

"Namwaga. Nawapa nguruwe."

Ladda akatabasamu kwa upole. "Nusu ya hayo madini yanatoka na hayo maji, mama."

Kuna swali Sangwian alikuwa amelibeba tangu asubuhi ile ya kwanza. Alilitoa mlangoni, daktari alipokuwa anapita. "Baba yake naye alilala mzima. Ilikuwa hii?"

Daktari alisimama. "Sikumwona, mama. Siwezi kusema." Kisha akaongeza, "Huenda."

Akaipokea ile huenda, akaenda nayo nyumbani.

Pale nyumbani alikaa kwenye ngazi ya jiko, akatazama ua wake. Mlonge uliopandwa na marehemu, umejaa majani. Matembele yametambaa mpaka chini ya nyumba. Migomba nyuma ya kisima, na ua lake la zambarau linaning'inia. Maboga yamejilaza juu ya paa la banda. Nyumba hii haikuwahi kuwa na njaa ya kitu hiki hata siku moja. Kilimea hadi kwenye nyufa. Na bandani nguruwe walikuwa wanamtazama, wanene, manyoya yanang'aa, miguu minne minne haijapata kukataa.

"Nyinyi," akawaambia. "Nyinyi mmekunywa vizuri."

Jioni alipika mlonge na boga, akayaacha maji yake, akatia tangawizi na samaki kidogo, akampa mwanawe bakuli. Bunloet akainusa.

"Hii si ya nguruwe?"

"Ni ya nguruwe. Kunywa."

Akanywa. Akaramba midomo. "Ndiyo maana wanapiga kelele ukichelewa."

Habari zilienea bila yeye kuzisema. Wanaume wakaanza kupita jikoni kwake, kwanza wakijifanya wana jambo jingine, kuuliza shoka, kuuliza jembe, kisha macho yanaangukia sufuria. Hawakumsalimu tena kwa ile sauti kubwa. Wandi alikuja na bakuli waziwazi.

"Shati langu silitoi langoni, usinitazame hivyo," akasema. "Lakini mchuzi nitie. Na wa Khampaeng. Jana kaniambia mapaja mazito, mimi nikadhani ni uvivu wake wa kawaida."

"Mpe wali kidogo usiku."

"Atalia."

"Alie akiwa amesimama."

Sangwian aliendelea kusali kama zamani, ila alipoorodhesha mambo ya kushukuru, alianza na yale yasiyoonekana. Na kila asubuhi alikuwa na hofu yake, hakuificha moyoni mwake. Huenda ni neno linalokaa na mtu. Bunloet alifanya kazi, alikula, alilala, aliamka. Yeye alimtazama, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka kutazama kukawa hakumwumi tena.

Mvua za kwanza zilipokaribia, walialikwa hekaluni kusaidia kupika, na Bunloet akatumwa madafu. Alijifunga kitambaa miguuni, akakumbatia shina la mnazi wa uani, akaanza kupanda. Sangwian alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama chini. Aliiona vizuri misuli ya mashavu ya miguu ya mwanawe ikijikaza na kulegea, ikijikaza na kulegea, nyayo zikilishika gome, mwili mzima wa mwanamume ukipelekwa juu angani na kitu ambacho hakuna jicho lililopata kukiona. Shingo ilimuuma kwa kutazama, na bado hakuishusha.

"Mama!" Bunloet akapiga kelele kutoka kwenye makuti. "Toka hapo chini, nataka kuangusha!"

Hakutoka.

"Mama, litakupasua!"

"Ngoja," akasema. "Kaa hapo hapo kidogo. Nakuangalia."